Namba ya Watawa Tisa

"Mpishi, ingia jikoni."

Sauti ya Kanali Damrong ilimfikia Orawan kupitia kispika kidogo kilichofichwa kwenye mkono wa miwani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Alikuwa amesimama mbele ya lango la chuma la nyumba ya ghorofa moja kando ya Mto Mekong, pale Chiang Saen, na mlinzi mwenye shingo nene alikuwa anaupekua mkoba wake.

Mlinzi alitoa kalamu, kichupa cha dawa ya kunusa na kikokotoo cha Casio. Alibonyeza saba mara nane, akapata hamsini na sita. Akaridhika, akakirudisha.

Hakujua kwamba kitufe cha asilimia kikibonyezwa mara tatu, watu ishirini waliokaa ndani ya Hilux mbili nyuma ya hekalu wangeamka. Wala hakujua kwamba bastola ya huyu mwalimu wa hesabu, Glock 19, ilikuwa imelala chini ya kiti cha mojawapo ya gari hizo.

Orawan alipanda ngazi bila silaha.

Kwa wiki tatu Kitengo cha Kanali, kile cha kupambana na dawa za kulevya, kilikuwa kimesambaza umbea mtamu: kuna mwalimu anaitwa Duangjai, kafukuzwa chuo, ana hasira na serikali, na kwa kuvunjavunja namba hana mwenzake kaskazini yote. Umbea ulifika ulikotakiwa. Sia Kriang (Sia ndivyo tunavyomwita tajiri), mwenye boti na vidonge vya kulevya vinavyovuka mto kila wiki, alituma mtu kumwita, na kwa jina hilo la Duangjai Orawan akaja.

Chumbani alikuwepo Mholanzi mmoja, Rutger Veenstra, mwenye ndevu za kahawia na kompyuta nne mezani. Alikuwa ameoa mjini Udon, ameishi nchini miaka kumi na miwili, na lugha yetu aliiongea kama muuza samaki. Nyuma yake alisimama mlinzi wa pili na bunduki ya AK kifuani.

"Mwalimu," Rutger alisema, "nina siku nne na hii kitu. Mashine zinakaribia kulia. Hebu itazame."

Akamsukumia karatasi.

Tarakimu mia tatu na sita. Ilianza na 31354. Iliishia na moja.

Orawan aliitambua kabla hajafika mstari wa pili. Akaificha mikono chini ya meza. Ile namba aliitengeneza yeye.

Kufuli la namba liko hivi. Unachukua namba tasa mbili kubwa, zile zisizogawanyika kwa kitu chochote isipokuwa moja na zenyewe, unazizidisha. Jibu unaweza kulibandika hata mlangoni, kila mpita njia alisome. Atakayefungua ni yule tu anayezijua zile mbili. Kuzizidisha ni kazi ya sekunde. Kuzitenganisha, kama zimechaguliwa vizuri, ni kazi ya kuzeeka nayo.

Kama zimechaguliwa vizuri.

Kitengo kilipohamia ofisi mpya, watawa tisa walialikwa kuibariki, kama anavyofanya mtu yeyote mwenye akili timamu. Tatizo lilikuwa Kanali Damrong. Yule mzee hanunui gari, hachukui laini ya simu, hata chumba cha hoteli halali, mpaka namba yake iulizwe kwa mtawa. Siku ile alipata wazo. Kila mtawa ataje tarakimu kumi na saba. Tisa mara kumi na saba, mia moja hamsini na tatu. Karatasi ilipojaa aliiweka juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, kisha akamkabidhi Orawan, msomi pekee wa hesabu pale Kitengoni. Akamwagiza kwamba funguo zote mbili zitoke humo, na hata tarakimu moja isitupwe.

Orawan alijua alichopaswa kusema. Lakini jamani, nani angembishia mkubwa wake mbele ya watawa tisa na wafanyakazi wote waliopiga magoti? Kwetu mtu hufa na neno lake kooni kuliko kumwaibisha mkubwa. Namba ya watawa yenyewe haikuwa tasa. Basi akashuka hadi namba tasa ya kwanza chini yake, akapanda hadi ya kwanza juu yake, akazizidisha. Kanali alifurahi mno. Akapiga picha.

Miezi miwili baadaye, akisubiri wali unaopikwa ndani ya mwanzi kwenye kibanda cha Buala pale gatini, Orawan aliandika 9797 nyuma ya risiti, kwa kucheza tu. Kipeuo chake cha pili ni tisini na nane na ushee. Panda hadi tisini na tisa. Tisini na tisa mara tisini na tisa ni 9801. Toa 9797, inabaki nne, na nne ni mbili mara mbili. Basi tisini na tisa toa mbili ni tisini na saba. Ongeza mbili, mia na moja. Tisini na saba mara mia na moja. Kufuli wazi, na wali haujaiva.

Namba mbili zikiwa majirani, zote zinakaa ubavuni mwa kipeuo. Ukubwa hauzisaidii kitu. Zingekuwa na tarakimu elfu, ingekuwa ni yaleyale. Jioni ile aliifanyia hivyohivyo namba ya Kitengo, na ikafunguka kwa hatua moja. Zile tasa mbili zilipishana kwa 614.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Kanali. Alimkuta anatundika ukutani picha ya watawa kwenye fremu ya dhahabu. Kanali akamuuliza ana shida gani.

Alisema hana shida.

Mwezi uliofuata alipandishwa cheo. Miezi minane sasa ilikuwa imepita, na kila asubuhi alijiambia atasema kesho. Kisha karani mmoja akatorokea kwa Kriang na nakala ya faili la watoa habari, lililofungwa kwa namba ileile. Kanali hata hakukunja uso. Alisema waacheni nalo, namba itashika miaka elfu, litatufaa kama chambo cha kumnasa Kriang.

Ndani ya faili kulikuwa na watu kumi na mmoja. Wa nne kwenye orodha alikuwa Buala, muuza wali, aliyeandikishwa na Orawan mwenyewe. Wa tatu alikuwa Phon, mdogo wake Buala.

"Unaionaje?" Rutger aliuliza.

Orawan akajibu kama mwalimu aliye ubaoni. Namba ni witiri. Tarakimu zake zikijumlishwa hazigawanyiki kwa tatu, basi tatu na tisa zimetoka. Si tasa; kipimo kinaonyesha hivyo wazi, ingawa kipimo hicho ni kama mkunga anayekuambia mama huyu amewahi kuzaa, lakini majina ya watoto hayajui. Na kama vigawo vyake ni viwili tu vikubwa, basi ni namba pungufu, kwa sababu ukivijumlisha pamoja na moja huifikii namba yenyewe hata kwa mbali.

"Na kuivunja?"

"Kwa mashine hizi? Tutakufa kwanza."

Rutger alicheka. Alisema na yeye anaona hivyohivyo, ila mwenye pesa haambiliki.

Orawan akamuuliza, kama kwa kupitisha muda, ameshajaribu njia gani. Mholanzi akamtajia programu nzito nzito zenye majina marefu. Ile ya kipeuo hakuitaja. Orawan akachokoza kidogo: na zile mbinu za kitoto? Rutger alipunga mkono. Hakuna idara ya serikali duniani, alisema, inayoacha mlango wa namna hiyo wazi. Kuijaribu ni kujishushia hadhi.

Dharau ya Mholanzi ndiyo iliyokuwa imewaweka hai watu kumi na mmoja kwa siku nne. Orawan aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Saa tano na nusu Lexus nyeupe iliingia uani. Namba yake ya usajili ilikuwa 9999. Sia Kriang alishuka, mfupi, shati la hariri, hirizi tatu shingoni. Alipofika juu alimsalimia Orawan kwa heshima, viganja vimekutana kifuani, akamwita mwalimu. Akauliza hii namba inayomsumbua ni nzuri au mbaya.

"Ni pungufu, Sia," Orawan alijibu.

"Mbaya hiyo," alisema Kriang, akavuta kiti.

Orawan aliomba kwenda chooni. Mlinzi akamsindikiza hadi mlangoni. Alifungua bomba la maji likatiririka kwa kelele, akabonyeza Casio kufungua kipaza sauti cha miwani, akainamia sinki.

"Mpishi hapa. Mwenye nyumba kafika."

"Tumemwona. Shikilia."

"Mnangoja nini?"

"Boti ya vidonge. Dakika arobaini. Nataka mtu na mzigo kwa pamoja." Watu wote ishirini walikuwa kwenye mkondo uleule, wanasikiliza. "Mpishi, namba itashika?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno manne tu: haishiki, ondoeni watu wote. Buala angefunga kibanda, Phon angeruka kwenye pikipiki, na Orawan angevuliwa cheo mbele ya vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Na Kanali Damrong, aliyempokea Kitengoni kama binti yake, angeonekana mjinga na watawa wake.

Alijitazama kwenye kioo.

"Itashika," alisema.

Akafunga bomba.

Aliporudi, Sia Kriang alikuwa anamsimulia Mholanzi habari za Kanali Damrong. Walizaliwa wilaya moja, wakasoma shule moja ya hekalu, wakakosana kwa sababu ya mpira. Alisema mwaka juzi Damrong alikataa gari jipya la serikali mwezi mzima, kisa namba ya usajili ina mbili saba. Akacheka mpaka hirizi zikagongana.

Halafu akatulia. Akaichukua ile karatasi, akaishika mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani.

"Gari la watawa la hekalu kuu nimelinunua mimi," alisema polepole. "Dereva wake ni mtu wangu. Aliniambia siku ya kubariki ile ofisi, Damrong aliwatajisha watawa namba. Tisa wote. Kila mmoja kumi na saba. Dereva alichoka kungoja."

Rutger aligeuka. "Kumi na saba mara tisa?"

"Wewe ndiye mwenye mashine."

"Mia hamsini na tatu." Mholanzi aliikodolea macho karatasi. "Nusu ya mia tatu na sita."

Orawan alisema watawa na hesabu wapi na wapi, bahati haivunji namba. Alijitahidi sauti iwe ya uchovu.

"Sia," Rutger aliuliza, "tuseme umepewa namba moja yenye baraka. Unahitaji mbili. Ya pili unaitoa wapi?"

Sia Kriang alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi huku miguu yake iko mtoni.

"Palepale. Utaweka baraka upande mmoja na takataka upande wa pili? Ya pili anaichukua hapohapo jirani. Damrong hatupi kitu alichopewa na mtawa. Hata kamba ya mkononi huwa anasubiri ioze yenyewe."

Mholanzi alijipiga paji la uso. Akavuta kibodi.

Orawan alisema acha niandike mimi, wewe umechoka. Alishaiwahi kona ya meza. Angekosea tarakimu moja tu, ingetosha.

"Kaa, mwalimu. Ni mstari mmoja."

Mkono wa Orawan ulikuwa kwenye mkoba. Kitufe cha asilimia. Mara tatu. Halafu mara tatu tena, ishara ya moto jikoni. Sauti ya Kanali ikaja sikioni, tulivu kabisa.

"Mpishi, shikilia. Boti iko kwenye kona. Namba ipo salama, usiwe na wasiwasi."

Mlinzi mwenye AK alikuwa hatua tatu nyuma yake. Angeweza kumrukia. Aliipima hiyo hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akajiambia labda Rutger atakosea, labda mashine itakwama. Huo ulikuwa uongo wake wa pili siku hiyo, na huu alijidanganya mwenyewe.

Kwenye kioo cha kompyuta ilitokea namba fupi.

94249.

Inasomeka sawa mbele na nyuma. Ni 307 mara 307. Orawan aliijua kama mtu anavyojua kovu lake.

Rutger alicheka kicheko cha juu, cha mtoto. Akaongeza, akatoa, akapachika namba mbili kwenye visanduku viwili. Faili likafunguka.

Mlango wa chumba nao ukafunguka. Buala aliingia.

Kila mchana aliiletea nyumba ile chakula. Ndivyo alivyopata habari alizomletea Orawan. Leo alikuwa amebeba chungu cha udongo chenye mchuzi wa nyama unaochemka, kikiwa juu ya jiko lake dogo la mkaa, vyote kwenye sinia. Hakumtazama Orawan. Alipiga magoti, akaliweka sinia kwenye meza ya chini, akaanza kupanga mabakuli.

Sia Kriang alijisogeza kwenye kioo, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la pili. Wa kwanza alikuwa karani wa ghala huko Mae Sai. Wa pili, dereva wa lori wa Chiang Rai. Kwa hao alitikisa kichwa tu.

"Tatu. Phon. Fundi injini, gati la pili." Akapumua kwa mshangao. "Huyu si katengeneza boti yangu juzi? Nilimpa na bia."

Buala alipangusa ukingo wa bakuli moja kwa kitambaa, akaliweka chini.

Kriang alishapiga simu.

"Fundi wa gati la pili. Sasa hivi."

Akakata. Akarudisha macho kwenye kioo. Kidole chake kikashuka mstari mmoja.

"Nne—"

Orawan alikinyakua chungu.

Mchuzi wote ulimwishia mlinzi usoni na kifuani. Alipiga yowe, AK ikaning'inia. Orawan aliishika kwa mtutu, akampiga goti, akaivuta. Kuigeuza kukachukua nusu sekunde. Risasi tatu kwenye kompyuta iliyofungua faili. Risasi moja kwenye goti la Sia Kriang, ambaye mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya shati la hariri.

Mholanzi alikuwa chini ya meza, mikono juu ya kisogo.

Mwenye shingo nene alipanda ngazi mbio. Alikuta mtutu unamngoja. Akaiweka bunduki yake ya Uzi sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Gatini," Orawan alisema kwenye miwani, hajali tena nani anasikia. "Gati la pili. Phon. Wanamuua Phon. Nendeni gatini."

"Mpishi, rudia. Namba—"

"Namba imevunjika. Nendeni gatini!"

Buala alikuwa ameshaondoka. Sandali zake zilibaki mlangoni.

Hilux ya kwanza iliingia langoni dakika nne baadaye. Vijana walikuta watu wanne wamefungwa kwa nyaya za kompyuta na mwanamke mmoja anayewapita mbio bila kusema neno. Ya pili ilielekea mtoni. Boti ilinaswa kwenye kona, na vidonge milioni mbili ndani ya magunia ya vitunguu saumu. Kwa hesabu ya kazi, ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wowote wa miaka kumi.

Kutoka nyumba ile hadi gati la pili ni mita mia tatu. Orawan alizikimbia zote. Alimkuta Buala amekaa kwenye sakafu ya boti ya kazi, amekipakata kichwa cha mdogo wake, anamfuta mafuta ya injini shavuni. Alifuta tu. Hapakuwa na jingine la kufanya.

Kanali Damrong alifika na miwani yake ya Ray-Ban. Aliivua, akainamisha kichwa kwa marehemu. Kisha akamvuta Orawan pembeni, nyuma ya mapipa ya dizeli. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Alisema kazi imekwisha vizuri. Alisema Mholanzi atafukuzwa nchini kimyakimya. Taarifa itasema namba ilishika, na kwamba Phon alichongewa na mafundi wenzake pale gatini, kuna mmoja ana deni la kamari, atafaa. Alisema haya kwa upole, kama baba anayempunguzia mwanawe mzigo.

"Haikushika, Kanali," Orawan alisema. "Zile tasa mbili zilikuwa jirani. Mtoto wa sekondari angezipata. Nilijua tangu mwezi wa pili baada ya kuzitengeneza, nikaogopa kukwambia. Asubuhi umeniuliza, nikakudanganya."

Mkono wa Kanali ulipanda wenyewe ukagusa kamba nyeupe iliyofifia kwenye kifundo cha mkono wa pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Makao makuu. Nimewatumia taarifa yangu dakika kumi zilizopita. Na watu kumi waliobaki wameshaanza kuhamishwa."

"Umeniua, mdogo wangu."

"Hapana, Kanali. Aliyekufa yuko kwenye boti."

Akamkabidhi AK, kwanza akiondoa risasi kama kanuni inavyotaka, akaenda zake.

Kesho yake saa kumi alasiri Phon alilazwa kwenye ukumbi wa hekalu, mkono wake wa kulia umetolewa nje ya shuka. Watu walipanga foleni. Kila mmoja alipewa kibakuli cha maji yenye maua, akamwagia marehemu kiganjani na kumwomba msamaha kwa lolote. Wengi wanasema kwa mazoea. Ulimkopa nyundo hukurudisha, ulimsema vibaya siku moja kwenye pombe, mambo hayo.

Buala ndiye aliyegawa vibakuli. Alipomwona Orawan, aliacha kila kitu akamshika mabega.

"Mwanangu," alisema. "Jina langu lilikuwa linafuata. Nilikiona kidole chake kinashuka. Umeniokoa. Nimewaambia wote hapa, huyu ndiye mwanangu niliyebaki naye."

Ndugu zake waliokaa kwenye mkeka waligeuka, wakamwinamia Orawan kwa shukrani, hadi bibi mmoja ambaye hakuweza kuinama vizuri. Aliona ni bora wangempiga.

Akachukua kibakuli. Akakimwaga polepole kwenye kile kiganja chenye alama nyeusi za grisi ambazo sabuni haikuziweza. Midomo yake ilisogea. Alichomwambia Phon hakuna aliyesikia, na hakikuwa kirefu.

Kisha akageuka.

"Mama mkubwa, kufuli lililoficha jina lake nililitengeneza mimi. Lilikuwa bovu."

Buala alimtazama bila kuelewa.

"Nililijua ni bovu. Sikusema."

"Ulijua jana?"

"Miezi minane."

Kwenye ukumbi feni zilikuwa zinazunguka. Buala alihesabu kitu kichwani, ikaonekana usoni mwake jinsi anavyohesabu, wiki baada ya wiki, sahani baada ya sahani.

"Na kila Ijumaa ulikuwa unakuja kula kwangu."

"Ndiyo."

"Phon anakupakia pikipiki anakurudisha mjini."

"Ndiyo, mama mkubwa."

Buala alikipokea kile kibakuli mkononi mwake. Alikijaza maji upya, akaongeza ua, akampa mtu aliyefuata kwenye foleni. Alisubiri yule amalize. Akajaza kingine. Ndipo akasema, bila kumtazama, kwa sauti ileile aliyowaulizia wateja kama wanataka pilipili:

"Kuanzia leo mimi ni Bi Buala."

Orawan aliunganisha viganja, akaviinua hadi kwenye paji la uso, akainama chini kuliko alivyowahi kumwinamia mtu yeyote.

"Sawa, Bi Buala."

Alivaa viatu mlangoni, akavaa miwani, akashuka ngazi za hekalu kwa mwendo aliofundishwa Kitengoni: mgongo wima, mikono huru, bila haraka, bila kugeuka. Waliokuwa uani wanapika walimwona akipita na wakasema huyo ndiye aliyemnasa Sia Kriang, mtazame alivyo mtulivu. Alitembea hivyo hadi mwisho wa ukuta, akakata kona, akaendelea kutembea.